Damu, Kifua na Wimbo: Akili Unde Inajua Nini Hasa?

Jioni moja mwezi uliopita, jirani yangu hapa Manyatta, Kisumu, alinigongea mlango akiwa na maswali matatu kwa mpigo. Ana mtoto wa miaka saba mwenye sikoseli, na alikuwa amesikia redioni kwamba mashine imepata tiba yake. Mumewe alikuwa ametoka kupigwa picha ya kifua katika hema lililowekwa uwanjani kwa chifu, akaambiwa picha imesomwa na kompyuta. Na kwaya ya kanisa lao ilikuwa inajifunza wimbo ambao mwalimu wa kwaya aliutoa kwenye simu, akakiri mwenyewe kuwa umetungwa na "ei-ai".

"Mwalimu," akaniuliza, "hicho kinachosoma kifua cha baba watoto ndicho hicho kinachotunga nyimbo? Na kama kinaweza yote hayo, mbona mtoto wangu bado anaumwa?"

Nimefundisha baiolojia miaka mingi, na sikumbuki kuulizwa swali zito kuliko hilo. Nilimjibu vibaya usiku ule, kwa haraka. Hapa najaribu kumjibu vizuri, kwa sababu najua hayuko peke yake.

Tuanze na jina la hiyo "ei-ai". Kuna wanaosema akili bandia, wengine akili mnemba, wengine akili unde. Mimi nashika la mwisho kwa sababu limetokana na kuunda. Ukiteremka ufuo wa Dunga utawakuta mafundi wakiunda mashua, na hakuna anayeitazama mashua akadhani imejiotea majini. Kuna aliyeiunda, na mbao zake zilikatwa mahali fulani. Maswali hayo mawili, nani ameunda na kwa mbao za wapi, ndiyo nitakayokuwa nikiyarudia.

Kompyuta tuliyoizoea hufuata amri. Ukituma pesa kwa simu, ada inakatwa bila kukosea kwa sababu kuna mtu aliyeandika kanuni: kuanzia kiasi hiki hadi kile, kata hiki. Haina la kukisia. Akili unde hufanya kazi kwa njia nyingine, na mfano wake mzuri ni msichana anayefundishwa na mamake kununua samaki. Mama hampi kanuni yoyote. Kila asubuhi anamwonyesha tu: huyu ametoka majini sasa hivi, huyu amelala. Msichana anakisia, anakosea, anasahihishwa. Baada ya samaki elfu kadhaa hakosei tena, ingawa ukimwuliza amejuaje atababaika. Atataja macho, atataja mashavu mekundu, lakini anajua kwamba kuna kitu zaidi asichoweza kukitaja.

Kompyuta hufunzwa vivyo hivyo. Picha, sauti au maandishi hugeuzwa namba. Mashine inakisia jibu, inalinganishwa na jibu sahihi, kisha inarekebisha kidogo vipimo vyake vya ndani ili kosa lipungue. Inarudia hivyo mara mamilioni. Hakuna zaidi ya hapo katika neno "kujifunza" linapotumiwa kwa mashine. Haina njaa ya samaki wala haimjui mteja.

Lakini hebu tuseme msichana huyo amekua akionyeshwa samaki wa aina moja tu, ngege. Siku ukimletea mbuta, hatanyamaza. Atakupa jibu kwa sauti ileile ya mtu anayejua. Mashine ina tabia hiyo pia, tena zaidi: isipoundwa makusudi kusema "sina hakika", itajibu tu.

Zile programu za kuzungumza nazo kwenye simu ni ukoo huohuo. Nikikwambia "haraka haraka haina", tayari umeshamaliza sentensi kichwani, kwa sababu umeisikia mara nyingi. Programu hizo zimesomeshwa maandishi mengi kupita kiasi, na kazi yake ni kukisia neno linalofuata, kisha lingine, kisha lingine. Za kutunga nyimbo na kuchora picha nazo hutoa kitu kinachofanana na vile zilivyoonyeshwa. Kwa hiyo jibu la swali la kwanza la jirani yangu ni hili: kinachosoma kifua na kinachotunga wimbo si mashine moja, ila vimefundishwa kwa mbinu za ukoo mmoja, na vyote viwili vinakisia. Kinachotofautiana ni nani atakayelinasa kisio likiwa baya.

Damu

Damu yetu ni nyekundu kwa sababu ya protini iitwayo hemoglobini, inayobeba oksijeni. Protini ni mnyororo wa vipande vidogo, asidi amino, vya aina 20, vilivyotungwa kimoja baada ya kingine kama shanga kwenye uzi. Mpangilio wa shanga hizo umeandikwa ndani ya DNA kwa herufi nne tu. Katika sikoseli, au ugonjwa wa seli mundu kama unavyoandikwa vitabuni, herufi moja imebadilika, na kwa sababu hiyo shanga ya sita katika uzi wenye shanga 146 imekuwa nyingine. Andika "baba amepika kuku". Sasa badilisha herufi moja: "baba amepiga kuku". Hemoglobini ya namna hiyo ikipungukiwa na oksijeni hushikamana, chembe nyekundu hujipinda kama mundu na kukwama katika mishipa midogo. Huo ndio usiku ambao jirani yangu anaujua, mtoto akilia mifupa.

Kwa nini ugonjwa huu umejaa huku kwetu kandokando ya ziwa? Daktari Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alipima damu za watu wa sehemu mbalimbali za nchi hii mwaka 1949. Aliona kwamba wenye jeni ya mundu, yaani kipande cha DNA chenye herufi hiyo iliyobadilika, ni wengi pwani na karibu na Ziwa Victoria, na ni wachache mno nyanda za juu. Mwaka 1954 akachapisha ushahidi kwamba anayerithi jeni hiyo kwa mzazi mmoja tu hupata kinga dhidi ya malaria. Anayeirithi kwa wazazi wote wawili ndiye anayeugua. Kufikia 1957, mwanasayansi Vernon Ingram alikuwa ameshaonyesha ni shanga ipi iliyobadilika. Yote hayo yalifanywa na watu kwa sindano, hadubini na kazi ya maabara. Nayasimulia kwa sababu sehemu kubwa ya mkanganyiko wa sasa ni kuipa akili unde sifa za kazi iliyofanywa kabla haijakuwapo.

Sasa ile iliyoifanya kweli, na ni kubwa. Uzi wa shanga haubaki umenyooka. Ukitoka tu kutungwa hujikunja na kuwa umbo fulani, na umbo ndilo linalofanya kazi, kama meno ya ufunguo. Kujua umbo la protini moja kulikuwa kunamchukua mtafiti miezi, mara nyingine miaka. Tangu 1971 wanasayansi duniani wamekuwa wakiyahifadhi maumbo waliyoyapata katika hazina moja ya wazi, na kufikia mwaka 2020 yalikuwa takriban 170,000. Kampuni ya DeepMind ya London ilichukua mifano hiyo ikaifundishia programu iitwayo AlphaFold. Programu ikaweza kutazama mpangilio wa shanga na kukisia umbo, mara nyingi kwa usahihi unaokaribia ule wa maabara. Julai 2022 makisio ya protini zaidi ya milioni 200 yalitolewa bure kwa yeyote mwenye intaneti. Mwaka 2024 Demis Hassabis na John Jumper wa DeepMind walipewa Tuzo ya Nobel ya Kemia, pamoja na David Baker wa Marekani anayebuni protini mpya.

Mtu aliyeko KEMRI, taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba, pale Kisian, au mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Maseno mwenye kompyuta ya kawaida, anaweza leo asubuhi kufungua umbo lililokisiwa la protini ya kimelea cha malaria. DNA ya kimelea hicho, Plasmodium falciparum, yenye herufi kama milioni 23, ilisomwa yote mwaka 2002, na bado kuna jeni zake nyingi ambazo kazi yake haijulikani. Kuwa na umbo la kuanzia ni kama kupewa ramani ya mji ambao hujawahi kufika.

Ramani yenyewe imekisiwa. AlphaFold hukuambia ni sehemu zipi ina hakika nazo na zipi inababaisha, na mtafiti makini hurudi maabara kupima. Kisio likiwa baya, protini haitafanya kazi kwenye chupa na hakuna mtu aliyeumia. Ndiyo maana naona baiolojia ndiko akili unde ilikofanya mema mengi kwa hasara ndogo: kuna ukweli nje ya mashine unaoweza kuisahihisha.

Na ile tiba ya redioni? Nadhani tangazo lilichanganya mambo mawili. Novemba 2023 Uingereza, kisha Marekani mwezi uliofuata, ziliidhinisha tiba ya sikoseli iitwayo Casgevy. Seli za mgonjwa hutolewa, jeni zikahaririwa kwa CRISPR, kisha zikarudishwa mwilini. CRISPR ni mkasi wa kibaiolojia uliotokana na kinga ya bakteria, wala si akili unde, ingawa kompyuta husaidia kutafuta mahali ambapo mkasi ungeweza kukata kimakosa. Bei yake Marekani ilitangazwa kuwa dola milioni 2.2, yaani kama shilingi milioni 280 zetu. Anachohitaji mtoto wa jirani yangu wiki hii ni dawa ya haidroksiyurea isiyokatika, kinga dhidi ya malaria, chanjo zote, maji ya kunywa ya kutosha na kliniki isiyomchosha. Hakuna hata kimoja hapo kinachosubiri kompyuta, na inaniuma kila ninaposikia mama akiambiwa angoje muujiza wa mashine wakati vitu vinavyojulikana havimfikii.

Nimesikia pia ikisemwa kwamba chanjo ya malaria iliyoanza kutolewa Homa Bay mwaka 2019 "ilitengenezwa na AI". Chanjo hiyo, RTS,S, ilibuniwa miaka ya 1980, na miongoni mwa watoto walioijaribu kabla haijakubaliwa ni wa Kombewa na Siaya. Hao ndio wa kushukuriwa.

Kifua

Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilikubali kompyuta itumike kusoma picha za eksirei za watu wa miaka 15 na zaidi ili kuwachuja wanaoweza kuwa na kifua kikuu. Sababu ni rahisi: madaktari bingwa wa kusoma picha ni wachache na wako mijini, na hema kwa chifu linapiga picha za watu wengi kwa siku. Mashine haisemi "una TB". Inatoa namba inayoonyesha jinsi picha yako inavyofanana na picha za waliokuwa na TB. Wahudumu wameweka kiwango, na anayekipita hutoa makohozi yapimwe. Makohozi ndiyo yanayotoa jibu. Mume wa jirani yangu alipita kiwango, akarudi nyumbani akiamini ameshahukumiwa, na siku mbili hakula. Hakuna aliyemfafanulia maana ya namba.

Kuchuja watu hivyo ni matumizi ninayoyaunga mkono, kwa sharti kwamba tunajua mbao zimetoka wapi, yaani mashine ilifunzwa kwa picha za akina nani. Mwaka 2018 watafiti nchini Marekani walichunguza programu ya kutambua nimonia kwenye picha za kifua. Katika hospitali ilikofunzwa ilifaulu sana, ikipelekwa kwingine inafifia. Walipochimba waligundua kwamba ilikuwa imejifunza kutambua picha imetoka hospitali gani, na hospitali moja ilikuwa na wagonjwa wengi zaidi. Ni kama yule msichana wetu awe amegundua kwamba muuzaji mwaminifu hutumia beseni la buluu, basi akaacha kumtazama samaki, anatazama beseni. Hadi siku beseni litakapopasuka, mama yake atadhani binti amefuzu.

Mwaka huohuo watafiti Joy Buolamwini na Timnit Gebru walipima programu za kampuni kubwa zinazokisia jinsia kwa kutazama uso. Kwa wanaume weupe makosa hayakufika 1 kwa mia. Kwa wanawake wenye ngozi nyeusi, programu iliyofanya vibaya zaidi ilikosea kwa zaidi ya 34 kwa mia. Haikuwa chuki ya mashine. Nyuso zilizotumika kuzifunza na kuzipima hazikuwa zetu. Programu ya kusoma ugonjwa wa ngozi au ya kusoma kifua cha mvuvi wa Usenge inastahili kuulizwa swali lilelile kabla haijashuka kutoka kwenye gari.

Je, itachukua nafasi ya daktari? Kuna jaribio ninalolipenda kwa sababu halikuwaondoa watu. Katika kliniki 15 za Penda Health, Nairobi, wahudumu waliwekewa programu inayosoma wanachoandika na kuwatahadharisha ikiona tatizo. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2025, kutokana na ziara za wagonjwa karibu 40,000, yalionyesha makosa ya kutambua ugonjwa yakipungua kwa 16 kwa mia na ya matibabu kwa 13 kwa mia, yakilinganishwa na ya wahudumu wasiokuwa nayo. Aliyeamua alibaki kuwa mhudumu. Mashine ilikuwa jicho la pili.

Hali ni tofauti kabisa unapokuwa nyumbani saa nne za usiku na kuiandikia programu dalili za mtoto. Hapo hakuna wa kuisahihisha isipokuwa mwili wa mtoto wenyewe. Na ukiandika kwa Dholuo au Lubukusu, ndiyo mbuta kwa msichana wa ngege. Mashine imesoma kidogo mno katika lugha hizo, lakini itajibu kwa ufasaha wa kutisha. Chuo Kikuu cha Maseno na washirika wake walianza kulishughulikia hilo kupitia mradi wa Kencorpus, uliokusanya maandishi ya maneno milioni 5.6 na sauti za saa 177 za Kiswahili, Dholuo na Kiluhya cha Marachi, Maragoli na Bukusu. Saa 177 ni kama wiki moja ya watu kuzungumza bila kulala. Kwa Kiingereza mashine zimelishwa mazungumzo ya miaka na miaka.

Wimbo

Nilikwenda kanisani Jumapili kuusikiliza wimbo wenyewe. Unapendeza, siwezi kukataa. Gitaa linadonolewa kama katika benga, muziki wa gitaa wa Nyanza, sauti ya kike inapanda mahali panapofaa. Nilipousikiliza mara ya tatu nikaona kinachonisumbua: hakuna mahali ulipokosea na hakuna mahali uliposhangaza. Mashine inayokisia kinachofanana na mifano yake huelekea katikati ya vyote ilivyosikia. Mpiga nyatiti mzuri, kwa nyuzi zake nane, husimamisha wimbo mtu akitaka kujisifu katika pakruok, akamtaja shemeji yake, akamtania, kisha akaudaka wimbo pale ulipoachwa. Anajua nani amefiwa juzi na nani amerudi kutoka Mombasa. Isukuti, ngoma ya Waisukha na Waidakho wa Kakamega, iliyoingizwa na UNESCO mwaka 2014 katika orodha ya turathi zinazohitaji kulindwa haraka, haipigwi bila kujua shughuli ni ya arusi au ya mazishi. Ukiirekodi ukailisha mashine, itatoa mdundo.

Lakini kusema wimbo wa mashine ni mbaya ni ladha yangu tu, na mwingine ana yake. Katika sanaa hakuna makohozi ya kupima wala chupa ya maabara. Hakuna jibu sahihi litakaloumbua kisio. Kwa hiyo swali lililobaki ni la haki: gitaa hilo lilijifunza kwa nani?

Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001 inasema kwamba kazi iliyotolewa na kompyuta, mtunzi wake ni yule aliyefanya mipango iliyohitajika ili itokee. Mwalimu wa kwaya aliyeandika maneno matatu na kubonyeza anaweza kudai ni yeye, na kampuni ya programu ikadai ni yenyewe. Wapiga gitaa wa Nyanza ambao mikono yao imo ndani ya kila noti hawatajwi katika ufafanuzi huo, na mimi naamini wanapaswa kutajwa.

Sheria nyingine inafaa kujulikana nyumbani kwa kila mtu, nayo ni Sheria ya Kulinda Data ya 2019. Katika ufafanuzi mmoja wa taarifa za kimwili inataja alama za vidole, uchanganuzi wa DNA na utambuzi wa sauti. Nilipousoma mstari huo niliona maswali matatu ya jirani yangu yamekutana. Damu ya mtoto, picha ya baba na sauti ya mwimbaji zote ni vitu ambavyo mashine hufunzwa navyo, na zote zina mwenyewe. Sheria hiyohiyo, kifungu cha 35, inakupa haki ya kutofanyiwa uamuzi mzito na mashine peke yake. Unaweza kuomba mtu. Na kabla ya kubandika majibu ya maabara kwenye programu ya simu ili "ikuelezee", funika jina na namba ya kitambulisho.

Nilimwandikia jirani yangu maswali mawili kwenye karatasi. La kwanza lilikuwa la muuguzi: baada ya kompyuta, ni nani ameitazama picha hii, na makohozi yanasemaje? La pili la mwalimu wa kwaya: chombo hiki kilifunzwa kwa nyimbo za akina nani, na walilipwa? Muuguzi alijibu papo hapo. Picha ilikuwa na sahihi ya daktari nyuma, makohozi yalishapimwa, mumewe hana kifua kikuu. Mwalimu wa kwaya alisema atauliza. Wiki tatu sasa, bado anauliza.